Friza Niliyoichomoa

Jumatano, baada ya tarawehe

Haukuwaka. Hata moyo wa mbuzi nlionunua Darajani asubuhi haukuwaka, na mbuzi yule alikuwa mzima wa afya.

Kazi ya kingamwili yetu ya kupimia pale maabara ni moja tu: kuishika protini inayounganisha seli za moyo zipige pamoja. Ikiishika, kwenye hadubini panawaka kijani. Tangu juzi vipande vya mioyo ya wagonjwa vinatoka vyeusi tii, na mkuu wangu, Dokta Nassor, anafurahi kwamba kaujua ugonjwa. "Bi Zuhura, hawa protini hawana! Kesho nnawabadilishia dawa."

Kumbe kingamwili ndiyo iliyokufa. Ijumaa nliichomoa friza nkachomeka birika la chai ya kufuturia, nkasahau mpaka Jumatatu. Kichupa cha kingamwili nkakikuta vuguvugu. Nkakigandisha tena, nkanyamaza. Saumu gani hiyo!

Leo nlikwenda kumwambia Dokta. Kabla sijafungua mdomo kaniuliza, "Watapona, au siyo?"

Nkasema, "Inshallah."

Mmoja wa wagonjwa hao ni Bi Mwanaidi, jirani yangu hapa Jang'ombe. Magharibi kaniletea sahani ya muhogo wa nazi. Sahani ya jirani hairudi tupu. Kesho nimrudishie na nini?