Samaki wa Marehemu Mke Wangu

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie ningali na sauti, maana kuna jambo kuhusu samaki nimemficha binti yangu Zuleha, na sina nguvu ya kwenda nalo kaburini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kasingirima, kando ya ziwa. Mke wangu Mwanakombo alipoona samaki wadogo wa njano wa mawe ya Katonga wanakwisha ziwani, alitia dume na jike katika tangi la saruji uani ili wazae, wavuvi wakamcheka, "Mama Zuleha, hao hata mchuzi hawatoi," naye akacheka nao, na alipofariki Zuleha akajenga matangi mengine, akapata wataalamu na kibali, na Jumamosi hii atawarudisha samaki wale kwenye mawe yao kwa jina la mama yake. Nikianza kusema, ananifunika shuka: "Baba, kunywa uji, samaki niachie mimi."

Nimwambie, au nimwache na furaha yake? Mawe ya kila mahali ziwani yana samaki wa namna yake, na wataalamu wanakataza kuwachanganya. Lakini mke wangu akiwa mgonjwa kitandani, jike yule alikufa kabla ya kuzaa. Kila asubuhi aliniuliza, "Jike yupo?" nami nikamjibu, "Yupo, amejaza watoto mdomoni," kwa kuwa samaki hawa huwalea watoto mdomoni, kisha nikanunua jike mwingine kwa mvuvi aliyetoka kusini mwa ziwa, akazaa, watoto wakafanana na baba yao, mke wangu akawaona akatabasamu. Samaki wote wa Zuleha wametokana na jike yule wa kusini.

Mzee wa Kasingirima

JIBU

Shikamoo, Mzee, na pole kwa maradhi. Kumliwaza mgonjwa sikulaumu. Lakini Zuleha si mgonjwa, na wewe mwalimu umemwacha akinakili kosa miaka yote hii huku ukimtazama. Wachache waliobaki kwenye mawe wakizaa na hawa, hakuna atakayeweza kuwatenganisha tena, na uharibifu huo utaitwa kwa jina la Mwanakombo.

Mwite leo. Usimtume mtu, usianze kwa kujitetea. Mwambie aahirishe, umpe na sababu. Atalia, huenda akakasirika. Mwache, ana haki. Akitulia, awaite wataalamu wake, waombe kibali cha kukamata jozi chache pale Katonga, waanze upya katika tangi lao peke yao. Hawa wa sasa wabaki uani, walishwe hadi wafe kwa uzee wao, wasimwagwe ziwani wala kupewa mtu.