Pale Ulipokuwa Ukisema Basi

Baba,

Ninakuandikia nikiwa ndani ya gari lako, kiti cha abiria, mlango wazi. Bado limeegeshwa kando ya ghala la mahindi. Kaburi lako liko mbele yangu hapa. Nyasi zimeota na Mwaitu, mama yangu, hataki zifyekwe; anasema zinakufunika vizuri. Sijui kama barua zinasomwa huko uliko. Lakini nimeshindwa na kazi, na tangu utotoni mtu niliyezoea kumwambia nimeshindwa ni wewe.

Ni turbo, ile inayoisukumia injini hewa. Cheka tu.

Tangu tukuzike hakuna aliyeligusa gari. Ufunguo ulining'inia msumarini na kila mtu alipita akiangalia kando. Wakati huo magoti ya Mwaitu yalizidi kuwa mabaya. Pikipiki hawezi kupanda, na matatu, unajua mwenyewe, inaishia kule chini kwenye lami. Basi hatoki. Kanisani haendi, sokoni Kangundo haendi. Anakaa mlangoni pa jikoni na kuwaambia watu anapumzika. Mwaitu apumzike, Baba, yule aliyekuwa akikugombeza kwa kulala mchana. Nikaomba ruhusa kule gereji ninakofanya kazi Athi River, nikaja kukufufulia gari ili limteremshe na kumpandisha. Nilifikiri ni kazi ya wikendi.

Injini iliwaka. Kilima cha kutoka kwenye lami ndicho kilichonishinda. Yale mapezi madogo ndani ya turbo, yanayofunguka na kujifunga kupimia moshi njia, yalikuwa yameganda kwa masizi. Niliishusha turbo, nikaisafisha mpaka mapezi yakacheza kama kope. Ile skrubu ndogo inayouzuia mkono wa chuma unaoyasukuma, inayoamua mapezi yajifunge hadi wapi, ilikatikia kwenye spana kwa kutu. Sikujali. Nilijua umeweka alama yako pale mkono unapoishia, kwa ile rangi nyekundu ya kucha ambayo Mwaitu alinunua kwa ajili ya harusi ya ndugu yangu Kyalo, akaipaka siku moja na kusema inamfanya aonekane msichana wa baa. Ningefunga skrubu mpya, niufikishe mkono kwenye alama, kazi iishe.

Alama haipo.

Baba mdogo ndiye aliyeagiza gari lioshwe siku ile ya kukuzika, kwa sababu lingefuata jeneza kutoka Machakos mjini na hakutaka ndugu yake aaibike mbele ya watu. Vijana walisugua hadi chini ya boneti, kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, mpaka kila kitu kikang'aa. Nilipomuuliza alivua kofia. "Mueni, mimi nilitaka tu aende na heshima. Maji yakimwagika hayazoleki." Nilitaka kumjibu vibaya, kwamba shida yenyewe ni hayo maji. Nikaona anavyoikunjakunja kofia, nikamwambia ni sawa. Si sawa.

Nimeikaza skrubu, gari likawa zito, likatoa moshi mweusi na kufia pale kwenye kona ya shamba la kahawa. Nimeilegeza, likaondoka kwa nguvu mpaka nikafurahi, kisha turbo ikapiga kelele na injini ikakabwa kabla ya kona hiyo hiyo. Katikati ya hapo na hapo nimejaribu kila mahali ninapopajua. Kazini ningechomeka kompyuta, iniambie. Hili lako ni la zamani, halina pa kuchomeka kitu. Lilikuwa na wewe.

Nakumbuka mlivyokuwa mkifanya, wewe na Mwaitu. Yeye kwenye usukani, amevua viatu, leso kiunoni. Wewe umeinama, bisibisi mkono mmoja, na kiganja cha mwingine umekilaza juu ya ule mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo, ukiusikia ukijaa. "Ongeza, Mama Kyalo. Kidogo. Kidogo. Basi." Na uliposema basi yeye aliachia, wewe ukakaza nati, mkaenda kunywa chai. Niliomba nikanyage mimi, ukanikatalia. "Mguu wako uko na haraka." Sikuomba tena unifundishe ulikuwa unasikia nini. Nilidhani utakuwepo siku zote.

Leo asubuhi sikumwita. Alitoka mwenyewe na fimbo yake, miguu mitupu, akanionyesha kwa kidevu niondoke kwenye kiti. Hajakaa humo tangu siku ya msafara wa mazishi. Akawasha. Nikainama mahali pako, nikalaza kiganja juu ya mpira kama ulivyokuwa ukifanya, nikageuza skrubu, naye akakanyaga. Baba, mguu wake haujabadilika. Sauti ilipanda vile vile, taratibu, mpira ukajaa chini ya mkono wangu, nami nikangoja mkono uniambie kitu. Haukuniambia. Ulikuwa mpira wenye hewa, basi.

Halafu sauti ikasimama mahali pamoja. Hakuongeza, hakupunguza. Nilichungulia kwenye upenyo chini ya boneti nikamwona anatazama mbele, midomo imefunguka kidogo. Ndipo nikaelewa kwamba anangoja neno. Miaka yote ile hakuwahi kuachia mwenyewe. Na neno hilo sasa lilikuwa langu kulisema, nami sikujua pa kulisemea. Injini inanguruma, kuku wamekimbia, mama yangu anangoja, nami ninalia juu ya turbo yako kama mjinga.

Nikasema basi. Nilisema tu kwa sababu sikuweza kuendelea kumwangalia.

Akaachia. Akazima. Akaweka mikono juu ya usukani, akasema kwa upole, bila kunilaumu, "Si hapo. Yeye huwa anangoja kidogo."

Huwa, Baba. Alisema huwa.

Sijui kama gari hili litapanda tena. Kyalo anasema kwenye simu tuliuze, na huenda asemalo ni sawa. Sina la kukuahidi kuhusu kona ya shamba la kahawa. Ninaloweza kukuahidi ni kwamba sitaliuza huku yeye bado anavua viatu kukanyaga, na kama litakataa kabisa, nitamshika mkono tuteremke hadi kwenye lami kwa mwendo wa magoti yake, hata misa ikiisha hatujafika.

Sasa pumzika. Amesema kesho akishakunywa uji tutajaribu tena. Atakanyaga, nami nitaweka mkono pale ulipokuwa ukiuweka wako, na safari hii nitangoja kidogo.

Mwanao,
Mueni