Vlase Alivyopanda Ngazi za Gavril

Țiglina, Jengo C7,
Galați.
14 Oktoba 2019

Mpendwa Dada Zamfira,

Habari za Torino? Yule bibi unayemtunza bado anakutupia vijiko? Na mgongo wako je? Sisi hatujambo. Mke wangu Safta amepona jino, na paka uliyetuachia amenenepa mpaka haenei kwenye dirisha la jikoni. Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Paraskeva, Safta hataki nishike hata nyundo, basi nimeshika kalamu.

Uliniuliza kwenye simu habari za binamu yetu Gavril nikakukatisha. Wakati ule sikuweza kuyasema bila kutukana. Sasa naweza, ingawa matusi sijaacha.

Unajua sisi mafundi wa kuchomelea tulikuwa hatuajiriwi tena na karakana ya meli yenyewe. Tulikodishwa na wakala, na wakala wetu alikuwa Dragomir Vlase, yule wa koti la ngozi aliyekuwa akiuza matairi sokoni. Glavu tulikatwa kwenye mshahara, ngao ya uso tulikatwa, ukiugua huna kazi. Ukilalamika anafungua droo, anakuonyesha vyeti vyako vya ufundi, kisha anaifunga. Vyeti halisi alivikalia yeye, na bila hivyo hakuna anayekupokea kwingine.

Februari alimtuma Gavril kuchomelea ndani ya tangi la meli, shimo ambalo mlango wake unapitisha mabega kwa shida. Feni ya kuvuta moshi ilikuwa mbovu tangu Krismasi. Gavril alimwambia. Vlase akamjibu, "Wewe ni fundi au bibi harusi? Ingia!"

Tulimtoa kwa kamba, midomo imekuwa ya buluu. Mapafu yameungua.

Kwenye ripoti Vlase aliandika kwamba Gavril alikuwa amelewa. Gavril, Dada! Mtu ambaye hata kwenye harusi yako alikunywa maji ya matunda! Kwa karatasi hiyo akanyimwa fidia, na mtaani watu wakaanza kumtazama vingine. Mkewe Anița alishauriwa na mwenye duka, mbele ya foleni nzima, awe anaficha chupa. Siku hiyo niliapa.

Wenzangu walitaka kumpiga. Nikawakataza. Kipigo kingempa maumivu ya wiki moja, nami nilitaka kitu cha kumkaa. Nikawa mpole. Ndiyo bosi, sawa bosi, nikimchekea mpaka Safta akanionea aibu. Miezi saba, Dada! Akaniamini, akanifanya msimamizi. Kila Jumatatu niliipiga picha feni ile pamoja na gazeti la siku hiyo. Kisha stoo nikapata daftari ambamo Gavril aliandika siku mbili kabla ya ajali kwamba feni haifanyi kazi. Chini yake ipo sahihi ya Vlase.

Septemba akaja mama mmoja Mnorwe, Bi Aasheim, kwa niaba ya wenye meli, kuamua kama Vlase apewe kazi ya meli nyingine tatu. Vlase alinukia manukato kuliko rangi ya meli. Akaniita mbele ya wageni. "Huyu ndiye fundi wangu namba moja. Panait, ingia tangini uwaonyeshe."

Nikavua ngao, nikamnyooshea. "Tangulia wewe, bosi. Dakika tano tu."

"Acha utani."

"Sitanii. Si umemwandikia huyu mama kwamba feni ni nzima? Ingia."

"Panait, tutaongea ofisini."

"Gavril uliongea naye ofisini? Ingia!"

Hakuingia. Nyuma yangu mafundi arobaini wakavua ngao zao, wakaziweka sakafuni mmoja baada ya mwingine. Bi Aasheim hajui Kiromania hata neno, lakini aliinama, akachungulia tundu, akanusa, akamtazama Vlase. Nikampa picha zote na nakala ya daftari. Nakala nyingine zilishafika kwa mkaguzi wa kazi asubuhi ile.

Meli tatu zikampita. Wakaguzi wakaifunga ofisi yake, wakamshtaki, na kuturudishia vyeti vyetu. Karakana imetuandika yenyewe kwa miezi sita, na feni mpya zimekuja nne. Baada ya hapo sijui.

Wiki iliyopita Vlase akaenda kwa Gavril na mfuko wa machungwa, na karatasi ya kusema Gavril hana malalamiko yoyote. Alikuwa ametangulia kusema kwamba anakuja, Anița akanipigia simu, nikafika kabla yake. Ni ghorofa ya nne na lifti hakuna. Vlase alifika mlangoni anahema, koti mkononi.

"Pumzika kwanza," Gavril akamwambia kutoka kitini. "Mimi ngazi hizo zinanichukua nusu saa."

Vlase akaanza habari za watoto wake. Nikamwambia, "Andika kwanza kwamba Gavril hakuwa amelewa. Tia sahihi. Halafu yeye ataifikiria karatasi yako."

Akaandika, akatia sahihi. Gavril akasoma polepole, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nimeshaifikiria yako," akasema. "Hapana. Na machungwa yachukue, utayahitaji huko watakakokupeleka."

Nimetoa nakala hamsini za maandishi yale. Nimebandika kwenye lango la karakana, kwenye duka lile lile, na moja kwenye mlango wa mama mkwe wake Vlase. Safta anasema hiyo ya mwisho imezidi. Haijazidi. Mapafu ya Gavril hayatarudi, daktari ametuambia wazi.

Kesi yake inaanza Novemba. Kila itakapotajwa nitakaa kiti cha mbele na nguo zangu za kazi, anione.

Msalimie shemeji Tudorel, na mwanao Ilinca mbusu mashavu yote mawili. Anița na Gavril wanakukumbuka sana. Mama wa Mungu akufunike kwa joho lake huko uliko.

Najua utataka kuniombea moyo wa kusamehe. Usijisumbue, Dada. Niombee afya tu, maana kesi za huku huchukua miaka, na hii nataka kuiona mwisho wake.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Panait