Baba Kelele Ndiye Anayemlisha Baba

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, na natumaini zitakukuta mzima. Wifi hajambo? Na wale pacha, bado wanakuzidi nguvu? Huku tu wazima, isipokuwa Baba, na ndiye hasa aliyenifanya nikae chini nikuandikie. Kwa simu ningelia tu, na wewe ungekata ukisingizia mtandao.

Kazi yangu ni ileile. Mchana kutwa najifungia kwenye chumba cha kurekodia kilichobandikwa sponji ukuta mzima na kugeuka, kwa sauti, mwanamume mwenye kitambi. Baba Kelele, mhusika mkuu wa ile katuni yetu ya watu wazima, siku hizi anajulikana hadi kwa vinyozi. Unamjua: anajisifu, anamwogopa mkewe, anagombana na friji. Juzi mwongozaji alinirudisha mara kadhaa nikorome upya, eti nakoroma kike.

Unakumbuka Baba alivyoipokea kazi hii. Alisema hakunisomesha ili nije kubweka kwenye televisheni. Tangu siku ile, katuni ikianza tu alikuwa akiinuka sebuleni, anaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Sasa ugonjwa wa kusahau umemzidi, kaka. Mimi ananiita nesi. Ananishukuru kwa adabu na kuniuliza zamu yangu inaisha saa ngapi. Mwezi uliopita akagoma kula. Shangazi alimbembeleza, daktari alikuja, mimi nikapiga magoti. Akafumba mdomo kabisa. Basi asubuhi moja uji ukafurika jikoni na kuzima jiko. Kwa hasira nikaifokea sufuria kwa sauti ya Baba Kelele. Mara nikasikia Baba anacheka sebuleni! Akauliza huyo mpuuzi kaingia lini humu ndani, na kama ameshakula. Nikamjibu kwa sauti ileile kwamba siwezi kula peke yangu. Akaagiza vikombe viwili vya uji.

Tangu hapo Baba Kelele ndiye anayemlisha. Nasimama nyuma ya kiti, Baba asiuone mdomo wangu, napitisha kijiko juu ya bega lake. Wanapiga soga hao, acha tu! Kuna siku walibishana nani kati yao anaogopwa zaidi nyumbani, na Shangazi akatoka nje akacheke.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumapili Baba alimaliza uji, kisha akamwambia Baba Kelele kwamba ana binti hodari wa kuigiza sauti. Alisema alikuwa akikaa nyuma ya mlango kumsikiliza, anacheka mto ukiwa mdomoni, kwa sababu neno lilishamtoka na hakujua namna ya kulirudisha. Akasema ana mwana wa kiume pia, aliyemfukuza kwa maneno makali kwa kuoa bila kumwambia, na kwamba kila geti likilia huwa anatazama kama ni yeye. Akamwomba Baba Kelele, kwa kuwa anaingia kila nyumba, amfikishie habari: arudi, aje na mkewe, hasira zilikwisha zamani.

Nilitaka kumjibu kwa sauti ya kazi. Ikatoka yangu mwenyewe: “Nitamwambia, Baba.” Akageuka. Akanitazama, akanigusa shavu, akaniita mwanangu, akauliza mbona nimekonda hivi.

Haikudumu, kaka. Nilipomletea maji alishanisahau tena. Lakini alikuwepo, na alikutaja.

Daktari anasema vipindi kama hivyo vitazidi kuwa adimu. Sikulaumu, nafikisha nilichotumwa. Njoo na wifi na watoto. Asipokutambua, usivunjike moyo, keti tu karibu naye. Wewe utampa uji, mimi nitaongea.

Shangazi anakusalimu sana, na ameshafua mashuka ya chumba chenu. Wabusu pacha, umwambie wifi kwamba ameulizwa na mwenye nyumba.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.