Dakika Kumi za Baba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sote wazima, na mama amepata kazi ya kushona sare.

Mwalimu wa sanaa alituambia tumchore mtu tunayemfahamu vizuri, bila kutazama picha. Nikakuchora wewe. Bibi alipouona mchoro akasema, "Karibu mgeni, unamtafuta nani?" Mama alicheka mpaka akaacha cherehani. "Mwanangu, huyu baba yako au fundi bomba?"

Nilicheka nao, lakini moyoni nilishtuka. Tunaonana kwenye simu kila Jumapili, na bado sikuzikumbuka nyusi zako! Kumbe muda wote huo mimi hujitazama mwenyewe kwenye kidirisha kidogo cha pembeni, nikitengeneza nywele. Na wewe, Baba, husema "eeh, eeh" huku ukisoma ujumbe wa watu wengine.

Jumapili hii nitakifunika kidirisha changu kwa karatasi. Tafadhali vua kofia, unipe dakika kumi tu. Mchoro mpya nimeshauanza. Masikio nimeazima ya kaka, bibi ameapa ni yale yale. Macho nimeyaachia nafasi mpaka utakaponitazama.

Ni mimi binti yako, penseli imeshachongwa.