Birika Mbili za Mama Mkwe

Alhamisi, Ulemo. Upepo unavuma tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria. Ningependa kuusingizia upepo, lakini najua kinachonisumbua.

Nina aibu.

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha akina mama wakulima kilikutana kwa mama mkwe wangu. Alikuwa amepika birika mbili za chai ya rangi: moja ya majani ya dukani, nyingine ya majani ambayo mume wangu alimletea kutoka Mufindi. Akatuonjesha zote. Akasema ni kama alizeti tu, mbegu hii na ile hazilingani mafuta, na shamba la bondeni halitoi sawa na la mlimani.

"Chai nayo ina mbegu yake na ardhi yake," alisema. "Hata faida yake mwilini haiwezi kuwa moja."

Mimi, mwenye stashahada ya kilimo, nikacheka. "Mama, majani ni majani. Rangi hiyo inakudanganya."

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye akakusanya vikombe, vingine vikiwa bado na chai, akaenda kuviosha.

Jana nilifungua daftari langu la chuo nikitafuta kitu kingine kabisa. Nikakuta kwa mwandiko wangu, tena nimepiga mstari mwekundu: virutubisho na madini ya chai hutofautiana kwa aina ya mche, udongo, mwinuko na mvua. Nilifundishwa. Nikalifanyia na mtihani! Mama alilijua hilo kwa kukamua alizeti yake miaka yote hiyo.

Leo asubuhi jirani alikuja kumwuliza mama mkwe apande mbegu gani shambani kwake. Kila msimu huja kwake.

"Muulize huyo aliyesoma," mama akamjibu.

Shamba lenyewe silijui. Jirani akaondoka bila jibu, na mvua haziko mbali.

Nilipomwamkia, "Shikamoo, Mama," aliitikia, "Marahaba, mwalimu."

Tangu niolewe huniita mwanangu.

Ningeweza kumwomba radhi jikoni, tukiwa wawili tu. Ndivyo ninavyotamani, maana mimi mwoga. Lakini sikumdhalilisha jikoni.

Jumamosi hii nitapika birika mbili mwenyewe, niwamiminie akina mama walewale, kisha niwasomee daftari langu. Kikombe cha kwanza nitampa yeye, nikiwa nimepiga magoti.

Sijui kama atakipokea.