Mstari Mmoja kwa Ukoo

Akeri, 26 Januari 2025

Mwanangu Tabitha,

Bwana Yesu asifiwe. Baridi ya huko Urusi imepungua? Mimi mzima, ila miguu.

Tangu tumzike baba yako, baba yako mdogo Aminiel analitaka shamba la kahawa na hii nyumba. Anasema mjane asiye na mtoto wa kiume atunzwe na ukoo. Wanakaa tarehe 16 Februari. Desturi yetu unaijua, hawapigi kura. Mtoto wa marehemu akikataa, wanatawanyika bila uamuzi. Na mtoto ni wewe peke yako. Andika mstari mmoja tu, "Sikubali." Mchungaji Manase ataupokea kwenye simu yake, kama alivyoipiga picha barua hii.

Mama yako

Voronezh, 9 Februari 2025

Shikamoo mama,

Mafua yameniacha, naomba na miguu yako ipone.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Unajua nawasoma Waslavofili, wale Warusi wa zamani walioamini kijiji chao kina kitu ambacho Ulaya Magharibi imekipoteza: watu hukaa pamoja mpaka wapate neno moja, wengi wasiwashinde wachache. Nikiwasoma nawaona wazee wetu kwenye mabenchi ya uani. Nimewatetea mbele ya walimu wanaonicheka. Nikituma "sikubali" kabla sijamsikiliza mtu, nitakuwa nimeamini nini miaka yote hii?

Nakutumia sura ya kwanza ya tasnifu yangu, nimeiweka kwa Kiswahili. Baba mdogo aisome kikaoni. Ataona aibu mwenyewe.

Mwanao

Daraja Mbili, 23 Februari 2025

Tabitha,

Salamu. Afya yangu usiulize.

Aminiel alisoma vizuri, kama somo la Jumapili. Pale ulipoandika kwamba mtu akijitenga na wenzake hana sauti, alirudia mara mbili, akakunja karatasi.

"Shemeji, umesikia? Msomi wetu mwenyewe."

Mzee Solomoni akasema, "Huyu binti amekubali kuliko sisi." Wakacheka.

Nikasema kuna ukurasa wa pili.

"Mama Tabitha," akasema Mzee Solomoni, "sasa unatufundisha kusoma?"

Kesho yake walipanda miche ya masale, alama ya mpaka, kati ya jiko langu na migomba. Nyumba nayo wameichukua. Niko kwa dada yangu Anjela, chumba kimoja. Niliomba mstari. Usinitumie karatasi tena.

Mama

Voronezh, 16 Machi 2025

Shikamoo mama,

Natumaini unapata usingizi. Barua zangu mbili hukuzijibu. Mchungaji anasema ukiona jina langu unamrudishia simu.

Ukurasa wa pili unasema umoja usio na upendo ni kamba tu, na neno la kijiji halijatimia iwapo hata mjane mmoja anatoka akilia. Nilidhani watafika huko. La muhimu nililiweka mwishoni, kama tunavyofanya wasomi.

Huu hapa mstari wako, mama, hata kama hakuna kikao cha kuupokea.

Sikubali.

Mwanao